Mji wa Wamaya na Mashahidi Watatu

"Wamebeba ngoma kichwani," sauti ilisema tena sikioni mwa Rukiya, "kama wapiga ngoma wa kwetu Burundi. Wazungu wanauficha mji huo wa Wamaya kule msituni Meksiko, lakini ukuta wa mawe hausemi uongo."

Mikono yake haikusimama. Aliokota shati kwenye lundo, akaligeuza ndani nje, akatazama makwapa, akapitisha kidole kwenye mishono, akalitupa kwenye pipa la matambara. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na moja katika depo ya nguo kuukuu karibu na mfereji wa Molenbeek, Brussels, na hakukuwa na shati lililowahi kumdanganya. Lakini sauti ile ilikuwa na siku ya nne kwenye simu yake, na kila alipotaka kuisahau alijikuta ameibonyeza tena. Mwanamume asiyemjua alianza kwa salamu ndefu, tulivu, kisha akaeleza jinsi ndege ilivyopita juu ya miti ikamulika mwanga chini, mji mzima ukaonekana, na ukutani watu wenye ngoma zao. Babu zetu, alisema, walifika huko kabla ya wote.

Binti yake Rayhana, wa mwaka wa nne sekondari, alikuwa na exposé ya historia, kazi ya kusoma mbele ya darasa, juu ya mji huo huo. Rukiya aliona ni bahati iliyoletwa mlangoni.

"Weka habari ya ngoma," alimwambia jioni, mezani.

"Maman, Madame hataki hadithi. Anataka tuseme nini kinajulikana kweli na nini ni maneno ya watu. Alors, nani ameziona hizo ngoma?"

"Nimeuliza watu watatu. Jamila wa kazini, Nadia anayeuza vitenge mtaa wa Matonge, na maalim Kadiri anayekufundisha Kurani. Wote wamesema ndiyo, wameisikia."

"Wameisikia. Nani ameona?"

"Nyamaza, Rayhana. Watatu ni watatu."

Hakusema hivyo kwa jeuri. Mwaka wa tisini na tano, Buyenzi, Bujumbura, baba yake alikuwa na kipimo chake cha habari: ya mmoja ni upepo, ya wawili ni moshi, ya watatu, funga mzigo. Alipofika mtu wa tatu walifunga, wakavuka mpaka kwenda Uvira, Kongo, usiku ule ule. Jirani yao alibaki akimngoja wa nne. Hawakumwona tena. Rukiya aliacha shule darasa la sita, lakini kipimo hicho alikuwa nacho mwilini kama kovu, na kilikuwa kimemfikisha salama hadi Brussels.

Rayhana akaziweka ngoma.

Jumanne alirudi kutoka shuleni akakaa bila kuvua koti. Alisukuma mezani journal de classe, daftari la shule la kila siku. Madame, mwalimu wake wa historia, alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: kazi irudiwe Ijumaa, kila dai na mahali lilipotoka, mzazi atie sahihi. Akishindwa tena, historia ya mwaka mzima imeanguka.

"Ameuliza chanzo ni nani. Nikasema maman yangu amehakikisha kwa watu watatu."

"Walicheka?"

"Sasa naitwa Maman-a-dit. Mama-kasema."

Rukiya aliangalia mikono yake. Harufu ya nguo za watu ilikuwa bado ndani ya kucha.

Kesho yake, kwenye meza ya kuchambulia, alimgeukia Jamila. "Ile habari ya ngoma za Wamaya, ulimsikia nani?"

Jamila akacheka, sweta mkononi. "Unaniuliza mimi? Si wewe, Mama Rayhana. Siku ya akika ya mtoto wa Hamadi ulitoa simu ukatuonyesha picha."

"Nilisema wanafanana tu na wapiga ngoma wetu. Nilikuwa natania."

"Bon, utani sikuusikia. Pilau ilikuwa inapita."

Rukiya alikumbuka. Gazeti lililosokotwa ndani ya kiatu cha msaada, lenye picha ya watu wa mawe na vitu vya mviringo kichwani. Alilinyoosha, akalipiga picha, akaenda nayo kwenye akika ili apate la kuchekesha wanawake. Ilikuwa miezi mitatu nyuma.

Mapumzikoni alimpigia Nadia. Nadia naye alikuwa kwenye akika. "Uliponiuliza juzi nilifikiri unanipima kama nakumbuka. Nikasema ndiyo, ndiyo."

Alimaliza kazi, akaenda kwa maalim Kadiri, akamkuta akikunja mikeka baada ya darasa la watoto la Jumatano.

"Mke wangu alikuja nayo kutoka akika," maalim alisema. "Alisema Rukiya ana picha. Mimi nikawasimulia wanaume baada ya swala. Kulikuwa na mgeni wa Lille, nadhani ndiye aliyerekodi ile sauti."

"Sasa nilipokupigia, maalim, mbona uliitikia?"

Maalim aliweka mkeka chini. "Habari ni yako, dada yangu. Ningekwambiaje sina hakika na neno lako? Niliona haya."

Alishuka ngazi akiwahesabu. Watatu wote walikuwa yeye. Alikuwa amewauliza watatu akajiuliza mwenyewe, akajijibu, kisha akamnyamazisha mtoto kwa jibu hilo.

Nyumbani alimpa Rayhana simu. Chini ya picha palikuwa na mstari wa Kiflamani, lugha ambayo Rukiya hakuwahi kuijua na Rayhana anaisoma shuleni. Msichana alisoma polepole, akarudia.

"Inasema ni vikapu, maman. Vikapu vya mahindi. Na haiko hata mji ule. Ni mwingine."

Waliketi. Jirani wa juu alikuwa anaburuta kiti.

"Sikia," Rayhana alisema bila kumtazama, "nitaandika nimeikuta kwenye internet. Wote wanaandika hivyo. Madame hatajua."

Huruma ile ilimchoma Rukiya kuliko kicheko cha darasa. Angeweza kuikubali. Kalamu ilikuwa hapo, na sahihi yake ni herufi sita tu.

"Hapana. Andika ilianzia kwangu. Andika na gazeti, na kiatu, na akika."

"Watacheka tena."

"Safari hii watanicheka mimi."

Rayhana aliandika hadi mwisho wa ukurasa. Rukiya alitia sahihi. Kabla hajaiweka kalamu simu ilitetemeka: binamu yake wa Bujumbura alikuwa anamtumia ile ile sauti, na chini yake ameandika kwamba mwanawe ameisimulia darasani.

Aliomba karatasi. Aliandika kwa mkono, mistari ikipanda na kushuka, akaipiga picha, akaituma kwa kikundi cha wanawake na kwa binamu.

Dada zangu, ile habari ya ngoma za Wamaya si kweli. Niliianza mimi. Mnisamehe. Ya kuepuka ni haya:

Msiamini sauti kwa sababu imeanza na salamu nzuri.

Msihesabu wasemaji. Mwulizeni kila mmoja alimsikia nani, mpaka mfike kwa aliyeona.

Msimpigie mtu kumwuliza jambo huku mmeshamtajia jibu. Atakubali kwa heshima.

Picha yenye maandishi msiyoyaelewa, msiionyeshe, hata kwa utani.

Habari ikitusifu sana msiikimbilie.

Mtoto akiuliza nani ameona, msimwambie nyamaza.

Na leo msinipigie simu.