Gharama Aliyegoma Kushuka

Mchana wa Jumatano, mhandisi Tusekile Mwasandube alijilaza stoo akisubiri kikao cha kamati, na usingizi ulipompitia tu, akaota. Kamati ilitaka kusimamisha ujenzi wa wodi ya wazazi, kwa kuwa gharama ilikuwa imepanda.

Ndotoni akamwona. Gharama alikuwa mnene, amevaa gambuti, amepanda jukwaa hadi juu kabisa ya ukuta na kuning'iniza miguu.

"Shikamoo," Tusekile alimwamkia, maana alionekana mtu mzima.

"Marahaba. Sishuki."

"Umefikaje huko?"

"Kila fundi akikaa bure, napanda ngazi moja. Kila mfuko wa saruji ukiganda, mbili."

Chini, mafundi tisa wamekaa juu ya tofali, wanasubiri nondo. Nyuma yao mifuko mia mbili ya saruji inakohoa kwa unyevu.

"Mama, sisi ni wa plasta," mfuko mmoja unasema. "Ukuta wenyewe haujaisha. Tumeletwa kufanya nini?"

Tusekile aliinamisha macho. Yeye ndiye aliyewaagiza.

Alipoinua macho, eneo la ujenzi lilikuwa ukumbi wa harusi, na kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake. Wageni wote walikuwa wamefika kwa wakati mmoja, wamebanana mlangoni. Akakohoa kidogo, akaanza kuwapanga.

"Mashine ya zege, wewe ni wa lini?"

"Alhamisi ijayo," mashine ikajibu kwa aibu. "Lakini nimekodiwa mwezi mzima."

"Nenda. Rudi Alhamisi. Saruji ya plasta, rudini dukani kwa Mzee Ambokile mkakae pakavu. Mtaitwa."

Mifuko ikashikana mabega, ikatoka kwa mstari bila kusukumana.

"Nondo, sasa ingieni."

Nondo wanaingia wakicheza. Mafundi tisa wanasimama kwa pamoja, kila mmoja na kazi yake. Gharama anashuka ngazi moja. Anaangalia kama kuna fundi aliyekaa. Hakuna. Anashuka nyingine, na kila ngazi anapungua, hadi anagusa chini akiwa mwembamba kama ufito.

"Karibu ukae," Tusekile akamwambia.

"Sikai. Nikikaa nanenepa."

Na kwa kuwa Gharama ameshuka, ukuta ukapanda. Ukapanda wenyewe, tofali juu ya tofali, mpaka kwenye lenta, juu ya milango na madirisha, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

Simu ikamwamsha. Alikuwa Mzee Ambokile, mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Mwanangu, ile saruji yako imerudi. Mifuko yote mia mbili, imejipanga ukutani. Gari sijaliona. Na mmoja umekaa kwenye kiti changu."

"Uache ukae, mzee," Tusekile alisema, akijipangusa vumbi. "Hautakaa sana."

Kisha akaenda kwenye kikao akitembea kama bibi harusi.