Kiti Kilichojazwa Wino

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu, kwenye kikao cha asubuhi cha kampuni ya vitabu, chai ikiwa bado ya moto. Mchora katuni alikuwa ameona mkoba wa shule mgongoni mwa mtoto wa jirani, na juu ya mkoba kachapwa Bibi Kifagio, yule mpishi mkali aliyembuni yeye mwenyewe tangu akiwa msichana. Akauliza mbele ya wote:

"Huyu nimemzaa mimi. Mmemwozesha lini bila kuniambia?"

Wachoraji wenzake wakacheka. Walipoona wakubwa hawacheki, wakaacha.

Hakufukuzwa. Wakubwa hawafukuzi mtu, wanamwacha akauke. Alipeleka kazi kampuni ya pili, wakamwambia tutakupigia. Kampuni ya tatu nao wakamwambia tutakupigia, kwa sauti ile ile. Alilala na simu kando ya mto mpaka kifua kikamzidi, akafa. Kampuni zilipiga mara moja tu, kutoa pole.

Mumewe alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, mtu wa darasa la nne. Mkewe alichora kwa penseli, na kila mahali palipotakiwa kuwa peusi kabisa alitia alama ndogo ya eksi. Mume alichukua brashi akajaza wino. Nywele, vivuli, usiku, vyote vilikuwa kazi yake. Hakuuliza kwa nini. Penye eksi alijaza.

Baada ya mazishi alirudi kutoka kazini jioni moja akamkuta mkewe mezani, kavaa sweta lake la kijivu, anachonga penseli. Akaweka maji jikoni. Marehemu hakuwa na sauti tena, ila alipotaka kusema, kiduara cha penseli kilijichora hewani juu ya kichwa chake, kama vile vya kwenye katuni, na ndani yake maneno. Mume aliyasoma taratibu kwa kidole, herufi moja moja, na mke alimsubiri kama alivyomsubiri miaka yote. WINO UMEISHA. NUNUA WA CHUPA, USILETE ULE WA MAJI. Akayafuta kwa raba yasije yakajaza chumba, akaenda dukani.

Mdogo wake marehemu, mwandalizi wa chai pale pale kwenye ile kampuni, alipita Jumapili akasimama mlangoni.

"Shemeji, humu ndani mnafuga panya wanaokula raba? Sakafu gani hii?"

"Dada yako anaongea sana siku hizi."

"Kwani alipokuwa hai alikuwa ananyamaza?"

Kiduara kikajichora juu ya meza. NAWASIKIA.

Kurasa za Bibi Kifagio zilipofika kitabu kizima, mume alizifunga kwenye gazeti akazipeleka kwa mhariri mkuu wa ile kampuni.

"Mkono wa marehemu huu," mhariri akasema. "Za zamani?"

"Za juzi."

Mhariri akafunua, akacheka palipochekesha. "Amezidi kuwa mzuri. Tutakitoa. Ila jina lake hapana."

"Bosi, mtu ameshakufa. Sitaki kingine. Jina tu, pale chini, hata likiwa dogo kama sisimizi."

"Kufa si hoja, mzee wangu. Nina wafu wawili hapa wananisahihishia kurasa, tena hawachelewi. Lakini jina lile lilikatazwa."

"Lilikatazwa na nani? Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Mimi nilifuata tu."

"Ulimfuata nani?"

Mhariri akatazama mlango wa chumba cha kikao. Akasema, "Tutakupigia."

Mume akamwachia kurasa, akaenda kuuliza kampuni ya pili, wakasema waliambiwa na ya tatu. Ya tatu wakasema waliambiwa na ya kwanza. Akarudi nyumbani na vumbi mpaka magotini, akamweleza mkewe yote. Mke akavuta karatasi mpya.

Alichora chumba cha kikao. Meza ndefu, chupa ya chai, mhariri na kalamu yake sikioni, kila mkubwa na kidevu chake, mdogo wake mlangoni na sinia. Kwenye kiti cha mbele hakuchora mtu. Alitia eksi.

Mume akajaza. Kiti kilikunywa wino. Chupa ikaisha, akafungua nyingine, nayo ikaisha, ndipo kikatosheka.

Kesho yake mdogo wa marehemu aliingiza chai kwenye kikao akakuta kiti cha mbele ni cheusi, weusi umeinuka kupita kichwa cha mtu, kama dirisha la nyumba iliyohamwa. Wakubwa walikuwa wanajadili bei ya karatasi. Mhariri akamwambia bila kugeuka, "Weka na pale."

Akaweka. Kikombe kilirudi kitupu.

Ikawa ndio desturi. Likizuka swali gumu, wote wanageukia kiti, kisha mhariri anasema hapana. Kitabu cha Bibi Kifagio kilitoka, watoto wakakigombania. Chini ya picha ya mwisho, mahali pa jina, paliachwa peupe. Mume alikinunua akaliandika mwenyewe kwa brashi. Wino ulipokauka, pakawa peupe tena.

"Vikombe naviosha mimi, shemeji," yule mwandalizi wa chai alimwambia siku moja. "Cha pale mbele kina alama ya mdomo. Tena anataka sukari."

Jioni hiyo mume alikaa mkabala na mkewe, raba mkononi. Akamuuliza. Kiduara kikajichora, safi, mviringo wake umekamilika, na ndani yake halikuingia neno. Mke akaweka penseli chini, akakitazama na yeye. Mume akasubiri, kama alivyokuwa akisubiriwa yeye, kisha akauliza tena:

"Mke wangu, pale kwenye kiti nilimjaza nani?"