Nabintu na Mashambulizi ya Fuawe

Siku Nabintu alipopanda jukwaa la kamera kwa mara ya kwanza, hakuchaguliwa kwa ujuzi wowote. Alichaguliwa kwa sababu alikuwa karibu. Mwanafunzi wa kupiga picha alikuwa mgonjwa, mvua ilikuwa inanyesha, na Ranvir, kocha mkuu, alimwona akitoka chumba cha kubadilishia nguo amekumbatia beseni la jezi chafu.

"Mama, unaogopa kupanda juu?" alimwuliza kwa Kiswahili. Ranvir alikuwa Kalasinga wa Nakuru, aliyeletwa Birmingham na wazazi wake akiwa na miaka kumi na mmoja, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha mtoto wa darasa la tano.

"Siogope," Nabintu akajibu. "Lakini huu muchezo siujue."

"Hata usijali. Wewe shika kamera, fuata mpira."

Akaweka beseni chini, akapanda.

Timu ya chuo iliitwa Fuawe, na ilicheza ule mpira wa Kimarekani wa kuvaa kofia ngumu na kukimbia na mpira mikononi. Kwa miezi minane Nabintu alikuwa amefua jezi zao bila kuelewa wanachogombania. Kutoka chini aliona lundo la vijana wakiangukiana kwenye matope. Kutoka juu, siku ile, aliona kitu kingine kabisa. Upande wenye mpira ulikuwa na majaribio manne ya kusogea yadi kumi, ukishindwa unawaachia wapinzani mpira. Kila jaribio lilianza watu wakiwa wametulia, wamejipanga, na katika kujipanga kule kulikuwa na pembe, mistari na nafasi. Nabintu alikuwa amefundisha hisabati miaka kumi na miwili Bukavu kabla vita havijamtoa. Alipitia kambi ya wakimbizi Tanzania, akafika Saltley, mtaa wa Birmingham, akapata kazi ya mchana katika kiwanda kidogo cha bawaba za milango na ya jioni ya usafi pale chuoni. Vyeti vyake vya ualimu vilikuwa kwenye bahasha kabatini. Hakuna aliyevitaka.

Wakati wa mapumziko alishuka akamfuata Ranvir.

"Kocha, yule mutu wao wa namba ishirini na ine, mbele ya mpira kuanza anarudisha muguu wa kushoto. Akiurudisha, anakimbia nyuma. Asipourudisha, anakuja mbele. Ameifanya mara kumi na saba, na hajakosa hata moja."

Ranvir alifuta mvua usoni. "Huko kwenu ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Mwalimu. Mathématiques."

"Basi rudi juu, Mwalimu. Ukiona kingine niambie."

Fuawe ilishinda siku ile, na tangu hapo jina la Mwalimu likamganda.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Nabintu alipiga picha za mechi, akaziangalia tena nyumbani, akajaza madaftari. Alisoma sheria za mchezo na kamusi pembeni. Ranvir alimwandikisha kozi ya ukocha, akakaa darasani na vijana ambao angeweza kuwazaa, akafaulu mara ya kwanza. Aliyekuwa kocha wa mashambulizi, yaani anayeamua timu ifanye nini ikiwa na mpira, alizoea kumpigia simu kila Alhamisi kumwuliza ameona nini. Kisha kocha yule akapata kazi mji mwingine, na Ranvir akamwita Nabintu ofisini.

"Mashambulizi ni yako," alisema.

"Sijacheza huu muchezo hata siku moja."

"Najua. Na mimi nimeucheza miaka kumi na tano, lakini huwa nakungoja wewe uniambie nimeona nini."

Nyumbani habari haikupokelewa vizuri. Kaka yake mkubwa, Gaston, alikuwa shemasi wa kanisa la Wakongo waliokuwa wakisali katika ukumbi wa kukodi Balsall Heath. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akala, akanawa mikono, ndipo akasema.

"Mudogo yangu, kufua nguo zao, sawa. Kupiga picha, sawa. Lakini kuamuru wanaume banagongana vichwa? Batu ba kanisa banauliza, na mimi nakosa ya kujibu."

"Uwaambie nimepata kazi, mukubwa."

"Kazi gani? Ile haina hata jina kwa Kiswahili."

Nabintu hakubishana naye. Alikuwa na mambo themanini na manne ya kufikiria, kwa maana ndiyo idadi ya mipango ya mashambulizi aliyoandika kwenye kitabu kipya cha timu. Kila mpango ulikuwa na mchoro, kila mchoro una rangi tatu. Alikuwa na jibu kwa kila swali ambalo timu pinzani ingeweza kuuliza.

Mechi ya kwanza walifungwa. Ya pili walifungwa. Ya tatu walifungwa thelathini na nne kwa sifuri, nyumbani, mbele ya wazazi. Hugues, mrushaji wa timu, ambaye kila mpango ulianzia mikononi mwake, alisimama uwanjani akisoma karatasi iliyofungwa mkononi kama mtu aliyepotea akisoma jina la barabara. Mara mbili muda ulimwishia kabla hajamaliza kusoma.

Jumatatu Ranvir alimkabidhi Nabintu barua. Wachezaji tisa walikuwa wametia saini, wakiomba kocha mwingine wa mashambulizi. Aliyeiandika ni Jagjit, kijana wa Sparkhill mwenye mabega kama mlango, ambaye kazi yake ilikuwa kuwazuia maadui ili wengine wapite.

"Mimi sitajibu hii," Ranvir alisema. "Ni barua yako. Ukiniambia unaacha, nitakubali. Ukiniambia unabaki, pia nitakubali."

Nabintu aliisoma mara mbili kwenye basi la kurudi Saltley. Mara ya kwanza ilimchoma. Mara ya pili aliisoma kama alivyokuwa akisahihisha karatasi za mtihani, na akaona kwamba katikati ya hasira kulikuwa na sentensi moja ya kweli: *Hatujui tunafanya nini, na yeye hajatuuliza.* Bukavu aliwahi kumwambia mwalimu mgeni kwamba darasa zima likifeli, mwenye kufeli ni mwalimu. Sasa zamu ilikuwa yake.

Jumanne aliwakusanya wote darasani. Aliweka kitabu mezani, na juu yake akaweka barua. Alizungumza kwa Kiingereza chake cha polepole, bila kupandisha sauti.

"Mmesema kweli. Kosa ni langu. Sasa niambieni. Kati ya mipango hii, ni ipi mnaweza kuicheza bila kufikiri?"

Walikuwa wamejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi haukuja.

"Hugues," alisema, akigeukia Kiswahili, "sema tu. Sitakasirika."

Hugues alizaliwa Birmingham. Kiswahili alikisikia kwa mama yake lakini hakukitumia. Akajibu kwa Kiingereza, akiwa ameinamisha kichwa, kwamba aliijua vizuri mitano. Mwingine akasema minne. Wakaanza kuitaja, wakabishana, wakasimama kuionyesha kati ya viti. Saa moja na nusu baadaye ubaoni kulikuwa na mipango kumi na moja. Nabintu akazichana kurasa nyingine zote, akazitia kwenye pipa la takataka. Kazi ya miezi mitano.

"Hii kumi na moja," alisema, "tutaicheza mpaka tuiote."

Jagjit hakuondoa saini yake. Alisema tu, "Tutaona," akatoka.

Wakaanza kuona. Mechi ya nne walishinda kwa pointi tatu. Ya tano walishinda kwa kumi na nane. Wapinzani walijua Fuawe itafanya nini, na haikuwasaidia, kwa kuwa kila mtu alifika mahali pake kabla hawajageuza mguu. Nabintu alikataa kukaa pembeni mwa uwanja kama makocha wengine. Alibaki juu jukwaani, kipaza sauti mdomoni, akisema na Ranvir aliyekuwa chini, na Ranvir akapeleka neno kwa Hugues. Kiwandani wenzake walianza kumwuliza matokeo kila Jumatatu. Mechi sita mfululizo walishinda, kisha robo fainali, kisha nusu fainali kwenye theluji nyepesi. Machi ilipofika, Fuawe ikapanda basi kwenda fainali, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu timu ianzishwe.

Wapinzani walikuwa mabingwa wa miaka minne, timu ya chuo kikubwa cha kaskazini. Safu yao ya ulinzi ilikuwa imefungwa pointi chache kuliko zote nchini. Nabintu alipewa kiti kwenye kibanda cha vioo juu ya mashabiki, na kutoka pale aliona timu yake ikipanda na kushuka kama mtu anayeshindana na mlango uliofungwa. Zikiwa zimebaki sekunde arobaini na nane, mabingwa walikuwa na pointi ishirini na nne, Fuawe ishirini. Fuawe ilikuwa na mpira yadi tisa kutoka mstari wa mwisho, ambao mpira ukiuvuka ni pointi sita. Majaribio matatu yalikuwa yameshindikana. Lilibaki moja.

Ranvir akaomba mapumziko ya mwisho.

"Mwalimu, nipe neno," alisema kwenye kipaza sauti. "Tuna dakika moja."

Nabintu alitazama karatasi yake. Alikuwa na mpango wa pili, aliouamini, na mpango wa saba. Mabingwa walikuwa wameizima yote miwili dakika kumi zilizopita. Akasikia mkwaruzo, kama kipaza sauti kinabadilisha mikono.

"Coach, ni mimi Jagjit."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Sema, Jagjit."

"Hakuna anayenitazama. Tangu asubuhi nazuia tu, na yule anayenikabili sasa akiona mpira umeanza, ananiacha na kumkimbilia Hugues. Ananiacha peke yangu kabisa. Mimi si mwepesi, lakini yadi tisa naziweza."

Nabintu alifumba macho. Akayapitia majaribio matatu ya mwisho, moja moja, kama alivyoyaona kutoka juu, na safari hii hakuufuata mpira. Kweli. Mara zote tatu upande ule ulibaki mtupu. Alikuwa na macho kama kipanga, na asingeliona bila kuambiwa.

"Mpango wa tisa," alisema. "Lakini mpira uende kwako. Hugues atazame kushoto, ahesabu mbili, arushe kulia. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na mikono yako iwe wazi. Usiushike kwa kifua."

Walijipanga. Mpira ukaanza. Hugues alitazama kushoto, na uwanja mzima ukatazama kushoto pamoja naye. Mlinzi akamwacha Jagjit, akamkimbilia Hugues mbio. Nabintu alihesabu kwa sauti bila kujua, kwa Kifaransa, un, deux, na mpira ukatoka mkononi mwa Hugues mlinzi akiwa hatua moja tu kumfikia. Ulielea kulia. Jagjit alikuwa amesimama pale peke yake, nyuma ya mstari, mikono imefunguliwa kama mtu anayepokea mtoto. Akaupokea. Akaanguka nao, na hakuuachia.

Ishirini na sita kwa ishirini na nne, na sekunde zilizobaki hazikuwatosha mabingwa.

Nabintu alishuka ngazi za uwanja mbili mbili, yeye mwenye goti bovu. Alipofika chini, Ranvir alikuwa analia waziwazi, kilemba kimemlegea. Hugues alimkumbatia, akasema kwa Kiswahili kilichovunjika vunjika, "Mama Nabintu, tumewapiga." Jagjit akaja na mpira. Hakuomba radhi juu ya barua, na Nabintu hakutaka aombe. Alimwekea mpira mikononi, kisha yeye na wenzake wanane wakamwinua mabegani, wakazunguka naye uwanja mzima, naye akapunga mkono kwa watu asiowajua huku akicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Saa kumi na moja jioni basi lilikuwa njiani kurudi, vijana wakiimba nyuma, kombe likipita kiti kwa kiti. Ranvir akageuka kutoka kiti cha mbele na kumwambia kwamba mkuu wa michezo amepiga simu, chuo kinataka awe kocha wa kudumu, kazi ya siku nzima, kuanzia muhula ujao. Nabintu akaitikia kwa kichwa.

Kisha simu yake ikaita. Alikuwa Gaston. Nyuma yake zilisikika kelele za watu wengi.

"Tuko ukumbini, kanisa muzima," alisema. "Tumeangalia yote kwa simu ya mutoto wa mama Immaculée. Tumepiga vigelegele mpaka wenye jengo bakakuja kuuliza."

"Asante, mukubwa."

"Ngoja, sijamaliza. Ile jaribio la tatu. Ju ya nini ulipeleka mpira katikati? Katikati balikuwa bamejaa. Hata mimi nimeona."

Nabintu akaegemeza kichwa kwenye kiti, akaanza kumweleza.