Aliishi Vipi Marehemu

Jofrey alizikwa kwenye kahawa yake mwenyewe, hapa kijijini Ruanda, kwa nyimbo za Kimoraviani na mahubiri marefu. Wiki haikuisha, akaanza kukohoa. Giza likiingia tu, kikohozi chake kilekile kikavu kilitoka kwenye mibuni, na mjane wake, Tabita, alikisikia akiwa jikoni.

Dawa yake Tabita aliijua. Kila msimu kabla ya kupanda mahindi, Jofrey alikuwa akinyata alfajiri kwenda kumwagia marehemu baba yake unga na maji kaburini, kisha Jumapili anakaa kiti cha mbele kanisani. Basi Tabita naye akampelekea mumewe unga, na kikohozi kikakoma. Kikianza tena, anapeleka tena.

Kisha Isaka, mdogo wake Jofrey, akaenda mahakamani. Isaka huyu, kaka yake alipokuwa hai, alionekana shambani wakati wa mavuno tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Alitaka mirathi iende kwa mila: nyumba na kahawa virudi kwa ukoo, shemeji yake afungashe arudi kwao Ileje na binti yake, Atupele. Tabita alitaka sheria inayowahusu Wakristo, ili mke na mtoto warithi.

"Sheria hainiulizi marehemu alikuwa kabila gani," alisema hakimu. "Inaniuliza aliishi vipi."

Tabita akatoa cheti cha ubatizo na cha ndoa. Isaka akasema hizo ni karatasi. Kaka yake alikuwa akilisha kaburi la baba yao, na aliyeishi kwa mila arithiwe kwa mila. Hakimu akamuuliza nani mwingine aliona. Isaka akamnyooshea kidole shemeji yake.

"Mama, umeapa kwa Biblia. Mumeo alikuwa akifanya hivyo?"

Nyuma yake mtu alikohoa. Tabita hakugeuka. Alimtazama Atupele, aliyekuwa amesinzia kwenye benchi.

"Hapana, mheshimiwa. Hakuwahi hata siku moja."

Hukumu ilikuwa upande wake. Anayedai mila ndiye wa kuithibitisha, alisema hakimu, na neno la shahidi mmoja mwenye kunufaika haliwezi kufuta maisha ya mtu aliyebatizwa, akafunga ndoa na kuzikwa na kanisa lake. Nje, wanakwaya walipiga vigelegele.

Isaka akakata rufaa. Tangu hapo, kila jioni anasimama mpakani mwa shamba, simu mkononi, akilitazama kaburi. Anaamini picha moja ya unga itapindua kila kitu, na Tabita anaamini hivyo pia, kwa hiyo unga hapeleki tena.

Kikohozi kimerudi. Kilianza kwenye kahawa, kikahamia uani, sasa kiko kizingitini. Tabita anamwogopa mume wake, na roho inamuuma kwa sababu bado anampenda.

Jana Atupele aliacha kula.

"Mama, baba yuko nje. Ana njaa."

"Baba yako alikuwa Mkristo," alisema Tabita. "Mahakama imesema. Kula."

Kikohozi kikanyamaza. Kisha hodi ikapigwa, taratibu, kwa adabu, kama ya mtu anayebisha kwenye nyumba isiyo yake.