Mianzi ya Katikati

Khaemba alikata mkonge Mwatate miaka thelathini na mmoja. Kwa hiyo Zubeida, fundi viti wa Voi, alipomrudishia mianzi yake yote juu ya pikipiki, mzee alijisikia kama ametukanwa.

"Imeliwa na dudu, Mzee Khaemba," Zubeida alisema. "Ukiigonga unamwagika unga. Mgeni wa hoteli akae kwenye kiti kinachokohoa? Nitajaribu mzigo mmoja tu tena. Ukiwa vivi hivi, nitaagiza kwengine, usinichukie."

Mkewe, Kavetsa, hakungoja huo mzigo. Alishatoa jembe. "Baba Branice, tung'oe. Hapo kando ya mto tupande nyasi za ng'ombe."

Khaemba hakutaka kusikia neno kung'oa. Miaka ya tisini walikuja hapa kijijini Ronge watu wa mradi na mwanzi mnene wa ng'ambo, wakaamuru huu mwembamba wa hapa ung'olewe, eti hauna faida. Kijiji kizima kiling'oa. Ule mnene ukakauka kiangazi cha pili, kingo za mto zikaporomoka, na wenye mradi hawakurudi hata kusema samahani. Rangi ya gari lao Khaemba anaikumbuka hadi leo. Yeye, mtu wa kuja, ndiye pekee aliyekataa. Kwao Bungoma chipukizi la mwanzi ni mboga, na mboga haing'olewi kwa amri ya mtu mwenye gari. Kichaka chake ndicho kilichobaki.

Asubuhi iliyofuata alianza kukata, akizunguka kichaka kwa nje kama alivyozoea. Mkonge ndivyo unavyokatwa: majani ya nje ndiyo yaliyokomaa, moyo unaachwa. Kavetsa alisimama na jembe lake akimwangalia.

"Huo bado una maganda," alisema.

"Ni mwanzi, Mama Branice. Una maganda."

"Ya katikati haina. Mvua ikinyesha, machipukizi hutokea wapi?"

"Huku nje."

"Basi wazee wako wapi?"

Panga lilibaki hewani. Khaemba alichungulia ndani ya kichaka. Mle katikati mianzi ilikuwa imebanana, ya kijivu, imeota ukungu wa uzee, migumu kama chuma. Mwaka mzima alikuwa akivuna watoto, laini na watamu kwa dudu, na kuwaacha babu zao wakisongana.

"Miaka thelathini na mmoja," Kavetsa alisema taratibu.

"Nimesikia."

Alifungua njia upande mmoja, akaingia, akakata ya katikati tu. Waliikausha kivulini miezi miwili. Kavetsa alifunga kamba ya mkonge kwenye kila chipukizi jipya: fundo moja kila mwaka, na lisilo na mafundo matatu haligusiki.

Zubeida alipokuja aligonga mwanzi mmoja kwa pete yake. Ulilia kama kengele. Akagonga wa pili, wa tatu, akacheka peke yake.

"Nipe na ile ya nje, Mzee wangu. Tazama ilivyonyooka."

"Hiyo ni ya mwaka kesho kutwa, Bi Zubeida. Chukua hii ishirini."

"Na nikitaka arobaini?"

Khaemba alinyoosha kidole kwa Kavetsa, aliyeinama kwenye ukingo ulioporomoka. Kando ya jembe lake kulikuwa na vipande vitatu vya mizizi ya mwanzi vilivyogawanywa kutoka kichakani, na mashimo mawili tayari.

"Muulize yule," alisema. "Mimi nakata tu."