Fa Imelia, Kunguru Wamerudi

...na wamerudi, wee! Kunguru wote wamerudi, hata yule mwenye mukia ya kunyofoka, na kosa yote ni ya kidole kimoja tu, kidole cha Bertille!

Ona kwanza huu mwangaza. Ndakala, wale samaki wa ziwa, zimeanikwa ku muchanga, ndogo ndogo, kila moja na jua yake mu tumbo, mpaka kando yote ya ziwa inawaka, na ukipita bila kukunja macho, yanakuuma. Na pale katikati, juu ya kiti ya mbao, njo Bertille: kitambaa ku kichwa, fimbo pembeni, gitare mu kifua.

Gitare ni ya kaka yake, Rubens. Wakati alienda Manono kutafuta maisha na pikipiki, alimuambia: "Unichungie tu." Ee, kuchunga! Nani anaweza kuchunga kitu chenye kamba sita na asiiguse? Aligusa moja, ikalia. Akagusa ya pili, ikajibu. Na tangu ile siku Bertille wa watu, Bertille mwenye diplome, mwalimu wa watoto wa mwaka wa pili, akapendana na mbao.

Lakini saa! Saa utaitoa wapi mu hii Kalemie? Nyuma ya midi, saa sita ikipita, ni ya masomo, ya chaki, ya watoto wenye kuomba ruhusa ya kutoka inje. Magaribi ni ya moto wa makala na sufuria. Siku ya Mungu ni ya misa, na nyuma ya misa ni ya wageni. Ukitafuta saa yako mwenyewe, unakuta watu wamekwisha kuikalia, wamekunja na miguu.

Njo vile asubui ya ndakala ikawa dhahabu. Mama yake, Mama Léonie, anauzaga ndakala. Anaanika, anageuza, anabishana na wavuvi, na lazima mutu mumoja alinde. Kunguru wa huku hawana haya. Lakini kulinda ni kazi ya macho, mikono inabaki bure. Kazi ya macho, mikono inabaki bure! Ile kazi wadogo zake wote waliikimbia, Bertille akaishika kama mutu anayeshika mali.

Akaanza. Sauti ya Do, kamba zikilia pamoja, ilikubali. Sol ilikubali, lakini na manung'uniko. Halafu Fa, mama wee, Fa! Fa inataka kidole kimoja kilale juu ya kamba zote, kizifunike kama kifuniko cha sufuria, na vidole vingine vikimbie, kila kimoja kwake. Kidole cha Bertille kililala. Kamba zikakataa kulala. Zikalia kama sahani ya bati inayoburutwa ku mawe. Na kunguru? Puuu! Wote juu, mpaka ku paa la jirani!

Papa Célestin, yule jirani mwenye kushona nyavu kivulini, alicheka mpaka sindano ikamuponyoka. "Mama Léonie! Huyu mutoto wako hana lazima ya fimbo. Wimbo yake inafukuza hata njaa!"

"Acha apige," mama akajibu bila kugeuka. "Ndakala zangu zinakauka zote."

Ikawa vile. Mvua ikapita, jua ikarudi. Kazi ya macho, mikono inabaki bure. Ncha za vidole zikawa ngumu kama maganda ya karanga. Ku ubao, chaki yenyewe ilishangaa. Aliipenda ile Fa mbaya vile mutu anapenda mutoto mukorofi: na hasira, kila siku, bila kuchoka.

Na leo asubui, ziwa limenyamaza, hata wimbi moja la kuongea hakuna, kidole kikalala. Kamba zikalala. Fa ikalia! Haikupiga kelele, ililia: nzito, tamu, ya mviringo, kama tone la asali linapojaa kabla ya kuanguka. Bertille mwenyewe alishituka, akageuka kuangalia nani amepiga. Akarudia. Ikarudi. Akarudia tena, akafumba macho, wee, akafumba macho, na kazi yake yote ilikuwa ya macho!

Alipofumbua, kunguru walikuwa wamekaa mu ndakala kama wageni wa ndoa. Wanakula, wanainamisha kichwa, wanasikiliza, wanakula tena.

"Bertille!" Mama Léonie akaja mbio, kitambaa mu mukono. "Unaimbia kunguru ku meza? Kesho hiyo gitare inabaki mu nyumba! Mudogo yako njo atalinda."

Moyo wa Bertille ukaanguka mu muchanga. Maana asubui ikienda, saa ingine haiko. Haiko mu juma, haiko mu mwezi. "Mama, ngoja! Ntapiga ile ya zamani, ile ya kuwafukuza."

Akalegeza kidole. Akatafuta ile sahani ya bati. Akakaza hapa, akapotosha pale, lakini mukono ukishajua, hauwezi kurudi mu ujinga kwa amri. Fa ikatoka safi. Akajaribu kuiharibu, ikatoka safi zaidi. Machozi ikamushuka, akapiga akilia, na kilio kikaifanya tamu kabisa.

"Mama," akasema, "siwezi tena kuiharibu."

Mama Léonie akasimama pale. Huyu mama ambaye miguu yake inajua ziwa na soko, soko na ziwa, na hakuna mutu amewahi kumuona amekaa muchana. Akaangalia mutoto. Akaangalia kunguru. Akainama, akaokota fimbo, na akakaa chini, pale pale mu muchanga, vibaya vibaya, kama mutu asiyejua kukaa kunafanywaga namna gani.

"Mimi niko na macho," akasema. "Wewe piga."

"Mama Léonie!" Papa Célestin akaita. "Umekaa? Uko mugonjwa?"

"Nyamaza, Papa Célestin. Niko nasikiliza."

Fimbo ikapanda, kunguru wakaruka, na mwangaza wote wa ndakala ukainuka ku muchanga, ukawashika wawili mu uso, mama na mutoto, hata hujui nani anamuangazia mwenzake.

Halafu mama akaomba wimbo. Wimbo gani, mama wee! Bertille hakuamini kama mama yake anaijua. Lakini ile si ya kueleza na mbio: kuja kesho, jua ikipanda, uniletee masikio yako yote mawili, ntakuimbia mpaka mwisho.