Joho Lililotoka Ukutani

Jumanne ambayo Anselmo hakuja, Clara alikuwa amekwisha chemsha chai ya tangawizi na kuifunika kwa sahani. Ukumbi wa jumuiya, huko Mobeni, Durban, zamani ulikuwa bohari la matairi, na harufu ya mpira haikutoka hata kwa ubani. Ngazi ilikuwa imeegemea ukuta palepale, brashi imo ndani ya kopo la maji. Kilichobaki kuchorwa kilikuwa ukucha mmoja wa mguu wa Bikira Maria. Clara alisubiri mpaka saa tisa, akainywa chai mwenyewe, akafunga mlango.

Alhamisi akaja Godson, aliyekuwa akisukuma mkokoteni pamoja na Anselmo pale sokoni Warwick Junction. Hakuingia ndani, viatu vyake vilikuwa na tope. Alisema Anselmo alianguka Jumanne asubuhi na mzigo wa viazi, kabla ya kuvuka robot, taa za barabarani, na hakuinuka tena. Alikuwa mochwari ya serikali, na huko walikuwa wanauliza ndugu zake ni akina nani.

"Nitawaambia wazee," alisema Clara.

Wazo la mchoro lilikuwa la Mwaura, Mkenya anayefundisha chuo kikuu historia ya Ulaya ya zamani, enzi za watawa na wafalme. Jumapili moja baada ya misa aliwaonyesha picha kwenye simu. Alieleza kwamba miaka mia sita iliyopita, waoka mikate na washona viatu wa miji ya kule walikuwa na vyama vya kuzikana, sawa na chama chao hiki cha Waswahili wa Durban. Walishika mishumaa nyuma ya jeneza, wakaombeana. Kisha walijichoresha ukutani: Mama wa Huruma amesimama, amelikunjua joho lake, na wanachama wamepiga magoti chini yake, wamejibana kama vifaranga.

"Mbona wao wadogo vile?" aliuliza Epiphanie, Mkongomani mwenye kibanda cha vitenge. "Mutu akinichora kama sisimizi, namushitaki."

"Enzi hizo ulichorwa kwa cheo chako, si kwa kimo," alijibu Mwaura.

"Basi Papa Josias atatoboa plafond, dari yote!"

Wakacheka, na Papa Josias, mwenyekiti, akacheka kuliko wote. Mchoro ukapitishwa siku hiyohiyo.

Anselmo alipatikana kwa urahisi. Alikuwa akichora vibao vya saluni, na hakudai kitu. Walimpa chai na kumwambia Mungu atamlipa. Mwaura alimweleza kwamba buluu ya joho, enzi hizo, ilisagwa kutoka kwenye jiwe lililoletwa kutoka nchi za mbali, ghali kama dhahabu, ndiyo maana walimwekea Bikira peke yake. Anselmo alitumia rangi ya mabwawa ya kuogelea, mabaki ya kibarua alichofanya kwenye nyumba za matajiri.

"Hii haitoki kwa maji," alisema.

Aliwachora wanachama arobaini na watatu, kila mmoja na sura yake. Mwisho kabisa, kwenye pindo la joho, alijichora mwenyewe, goti moja ndani na goti moja nje.

Papa Josias alisogea akavaa miwani. "Hapana, ndugu yangu. Huyu hapana membre. Tuko na règlement."

Kanuni ilikuwa fupi. Chama kilimzika mwanachama, au ndugu yake ambaye mwanachama amemtaja mbele ya kikao, na kuusafirisha mwili mpaka kwao. Mtu mwingine yeyote aliombewa tu. Aliyeiandika kanuni hiyo daftarini alikuwa Clara, katibu.

Anselmo alimtazama Clara, si kwa muda mrefu. Akachovya brashi kwenye buluu, akajifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Mama zao walikuwa wamezaliwa tumbo moja. Huko Mbinga, Clara na Anselmo walikula sahani moja mpaka walipoota ndevu na maziwa. Lakini Anselmo alipofika Durban, Clara alikuwa tayari msimamizi wa washonaji kiwandani, na akina mama wa jumuiya walikuwa wakimwomba ushauri kuhusu mabinti zao. Anselmo alifika ukumbini akisukuma mkokoteni, ndala moja imefungwa kwa waya. Mtu akauliza, "Ni wa kwenu?" Clara akajibu, "Ni mtu wa huko kwetu." Jibu hilo likabaki hivyo kwa miaka minne. Anselmo hakulisahihisha. Mbele ya watu alimwita katibu. Walipobaki wawili wakiosha brashi, alimwita dada.

Jumapili baada ya kifo cha Anselmo, kikao kikakaa.

"Iko mutu hapa anamujua kama ndugu yake?" aliuliza Papa Josias. "Mutu moja tu anyooshe mukono, tunamaliza hii mambo."

Clara alikuwa ameinamia daftari. Aliandika: *Hakuna.* Aliliandika kabla ukumbi haujamaliza kunyamaza.

Muda uliowekwa na mochwari ulipopita, manispaa ilimzika.

Joho lilianza kushuka wiki hiyo. Lilianzia upande wa pindo, pale Anselmo alipojifuta, likateremka ukutani taratibu na kufika sakafuni Jumapili, upana wa kanga moja. Padri alilikanyaga wakati wa komunyo, akaliomba radhi. Gaël, anayepiga kinanda, alijaribu kulisugua kwa petroli.

"Eish. Haitoki," alisema, akarudi kwenye kinanda chake.

Jumapili ya pili lilikuwa limepita chini ya mlango. Ya tatu lilikuwa barabarani, likienda kando ya viwanda kuelekea mjini, na kwenye robot lilisubiri kama watu wengine. Godson aliamua kulifuata kwa miguu. Alisema lilipita Warwick, likazunguka mahali Anselmo alipokuwa akiegesha mkokoteni. Wauza dawa za mizizi walinyanyua mikeka yao, likapita, wakaitandika tena. Kisha likapanda mpaka makaburi ya manispaa, kwenye tuta lenye kibati cha namba, likajitandaza juu yake, pembe zikachomekwa vizuri chini ya udongo.

Ukutani, Mama wa Huruma alibaki amekunjua mikono mitupu. Chini yake wanachama arobaini na watatu walikuwa wamejibana bila kitu juu yao, na paa lilipovuja, maji yaliwadondokea mabegani. Walinunua buluu nyingine wakamchorea joho jipya. Kufikia Jumatano nalo lilikuwa limeshuka, likaenda njia ileile.

Mwaura alipendekeza Anselmo aandikwe chamani, kwa kuwa amekwisha funikwa.

"Daktari, mutu wa kufa hawezi kujaza fomu," alisema Papa Josias bila ukali. "Na kumufukua, manispaa inataka sahihi ya ndugu. Katibu, daftari inasema nini?"

Clara alifungua ukurasa. "Inasema hakuna."

Alilisema akiwa na nia ya kuongeza maneno mengine. Wakapita kwenye ajenda ya viti.

Jikoni, wakati wa kuosha vikombe, alimwambia Epiphanie, "Alikuwa mtoto wa mama yangu mkubwa."

Epiphanie aliendelea kufuta kikombe. "Tulijua, Mama Clara. Masikio yenu ni ileile. Siku ile sisi wote tulikuwa tunakuangalia."

"Mbona hamkusema?"

"Na wewe?" Akakiweka kikombe kabatini, mdomo chini. "Kupeleka maiti mpaka Tanzania ni mambo mingi. Uliponyamaza tulipumua. Mimi pia nilipumua. Nipatie kile kingine."

Clara akampa.

Siku hizi picha za harusi hupigwa kwenye ukuta wa pili. Brashi bado imo ndani ya kopo, na ukucha haujachorwa. Ukurasa wa kikao kile unasema vilevile. Kila Jumamosi Clara huja na ndoo na sabuni, akapiga magoti, akalisugua joho kutoka ukutani mpaka getini. Kuanzia getini ni barabara ya manispaa, na malori hupita juu ya joho.